Mikono ya Barafu

Lufunga hurudi saa sita usiku kutoka kiwandani.
Amesimama tangu mchana akikata minofu ya sangara,
na baridi ya mle huingia vidoleni mwake
ikakaa, kama mgeni asiyejua kuaga.

Miaka tisa vidole hivyo vimeshukia tumboni kwangu
kabla ya salamu.
Miaka tisa nimeruka, nikacheka.
Yeye akasikia kicheko, akakiita karibu.

Kicheko kile, mume wangu, kilikuwa meno tu.

Shangazi Mbuke alinifunda kule Magu, siku tatu mlango umefungwa:
namna ya kukanda mgongo, namna ya kunukia,
namna ya kuitika hata usingizi ukiwa umenizidi.
Neno "ngoja" hakunipa.
Labda naye hakupewa.

Jana umeme ulikatika Bugarika yote.
Feni ikafa, redio ya jirani ikafa,
tukabaki na ukimya usio na pa kujificha
kati ya ukuta na jabali lililoegemea dirisha letu.
Akaleta mkono.
Nikaudaka njiani.

"Ngoja," nikasema. Sauti ilitoka nyembamba, kama ya kuazima.
"Si kwamba sikutaki. Sitaki hivi."

Alinyamaza mpaka mbwa wa bondeni wakachoka kubweka.
Nikawaza: nimevunja chombo.
Kisha akauliza, kama mtu anayeuliza njia mtaani kwao mwenyewe,
"Sasa vipi?"

Sikuwa na jibu. Nani aliwahi kuniuliza?
Nikauchukua mkono wake, nikaupitisha kati ya nondo za dirisha,
nikaubandika juu ya lile jiwe.
Mawe yetu unayajua: hunywa jua mchana kutwa,
usiku hulirudisha kidogo kidogo, bila haraka.
"Uache hapo mpaka ukumbuke kwamba ni mkono."

Akacheka. Chake kilikuwa kicheko.

Na tulipokuwa tukingoja, naye akafungua lake:
kwamba hapendi niguse kovu la begani,
kwamba nikimwita "katoto kangu" mbele ya dada zangu
siku hiyo hulala akiwa mdogo.
Mimi nilidhani ni utamu.
Kwamba usiku mwingine hutaka kushikwa tu, basi,
na huona haya, maana mwanamume, wanasema...
Hakumaliza wanachosema.

Mkono ulirudi na joto, na vumbi la jiwe.
Ukasimama hewani karibu na shingo,
ukauliza.
Nikasema hapa. Nikasema polepole. Nikasema hapo basi,
na ile basi ikasikika,
wala paa halikutuangukia.

Leo ameingia, amevua viatu,
amekwenda moja kwa moja dirishani.
Nimemwambia bila kugeuka: leo nimechoka, sitaki.
"Haya," amesema.
Mkono hakuutoa. Ameendelea kuupasha, peke yake, muda mrefu,
halafu akaja kulala, mgongo wake ukigusa wangu,
na nikausikia usingizi wake ukifika
kabla ya wangu.