Siku ya Mbungoni

Mwaka huu hatukumngoja mgeni rasmi.
Diwani alituma salamu na katoni mbili za maji;
tukasema ahsante, tukayanywa.

Mimi ndiye niliyepewa daftari.
"Andika kila kilicho hai na kilicho chetu,"
alisema Chaurembo, fundi pikipiki, katibu wa kamati,
kucha zake zingali na grisi hata siku ya sherehe.
"Na kunguru usimwandike. Kunguru tunao wa kutosha."

Tukashuka bondeni kabla jua halijakaza,
umande ukilowesha pindo za kanga,
watoto mbele, viatu mkononi.
Niliandika tetere. Niliandika hondohondo wawili
wakizozana juu ya mkuyu kama warithi.
Niliandika komba, ingawa hatukumwona:
Sikudhani aliapa kwamba usiku humsikia
akilia nyuma ya banda la kuku
kama mtoto aliyenyimwa,
kamati ikapiga kura, komba akapita.

Kwenye kisima cha zamani Bi Mwantumu akavua ndala.
"Hapa ndipo nilipovunja mtungi wa mama," akasema,
akacheka,
kisha akanyamaza muda mrefu kuliko kicheko.
Nikaandika: mtungi.
Chaurembo akachungulia begani kwangu:
mtungi nao una uhai?
Sikumjibu. Sikuufuta.

Lakini mbungo hatukuuona.
Mtaa unaitwa Mbungoni, muhuri wa ofisi unasema Mbungoni,
timu yetu hufungwa kwa jina hilo kila Jumapili,
na mbungo wenyewe haupo.
Pale ulipokuwa pana bikoni ya mpimaji,
namba nyekundu juu ya saruji,
na kisiki cha mti uliokuwa umeubeba,
maana mbungo hutambaa; hausimami
bila wa kuuegemeza.
Tukasimama pale kama watu waliofika msibani
wakakuta maziko yamekwisha.

Ndipo mtoto Lusekelo akasema, shavu limevimba kwa kitu anachomumunya:
"Yale machachu ya njano?
Yapo kwetu. Kwenye mnara wa simtanki."

Tukaenda kundi zima, na ngoma za mdundiko,
na sufuria la bada likibebwa na wanawake wawili
waliokuwa hawasemezani tangu Ramadhani.
Bibi yake Lusekelo, Bi Atuganile,
aliyehamia juzi tu kutoka Tukuyu,
alifungua geti nusu, akidhani ni watu wa ushuru.
Na pale nyuma yake, umekwea vyuma vyote hadi tangini,
umeyaning'iniza matunda yake kama taa za harusi,
mbungo.

"Gugu hili?" akashangaa.
"Linaniozesha vyuma. Panga nimeshalinoa, Jumatatu..."
Akatutazama nyuso.
Ile Jumatatu hakuimalizia.

Bi Mwantumu akapasua bungo moja, akafyonza kokwa;
uchachu ukamkunja uso wote
na sekunde moja alikuwa binti wa kisimani, mtungi mzima kichwani.
Akapasua jingine, akampa mwenye nyumba.
"Loweka, tia sukari na chumvi kidogo.
Kokwa usizisage, zitakuharibia."
Hotuba nyingine siku ile haikutolewa.

Panga lilikatia miwa.
Wale wawili, sikuona saa ngapi, walikuwa wakinawa beseni moja.

Usiku nikanakili daftari kwa wino, karatasi safi,
komba, hondohondo, mtungi,
mbungo mmoja, kwa Bi Atuganile, juu ya maji.
Nikakwama kwenye jambo dogo:
kutoka kwenye kisiki hadi kwenye tangi
ni mwendo wa robo saa kwa miguu.
Kokwa ilifikaje?
Nikakumbuka nani alikuwa juu ya bikoni asubuhi nzima,
kichwa upande, akitusubiri tumalize kula.

Nikachukua penseli. Chini kabisa, pembeni,
mahali ambapo Chaurembo hatasoma:
kunguru.