Yah: Salfa

Bi Asumini wa masijala, Newala,
alikuwa na kalamu nyekundu na sheria moja:
jambo jipya, jalada jipya.
Ukimpelekea barua ya madawati ndani ya jalada la paa
alikurudishia bila neno,
ila kwanza alinyoosha kona zilizokunjika.

Siku hizi masijala ni stoo ya magunia
na barua zangu zinapangwa na mashine.

Mwezi wa tano nilimwandikia Livembe, ghala la Kitangari:
Yah: Salfa. Mifuko mingapi?
Akajibu. Nikajibu.
Salfa ikaisha, sisi tukaendelea mumo humo:
lori limekwama, mizani inadanganya,
unyevu wa korosho, malipo ya pili,
nani kachukua turubai.
Barua arobaini na moja, zote kofia ile ile,
Re: Re: Re: Salfa.

Siku Livembe alipotaka kuwa nadhifu
akaandika "Salfa ya unga",
uzi ukakatika papo hapo.
Jibu likabaki pekee, linasema "Ndiyo, kesho".
Ndiyo ya nini? Kesho ya nani?
Na "Malipo" ya Mkunguru wa Tandahimba
yakafungwa kamba moja na "Malipo" ya Hokororo, ya mwaka juzi,
watu wasiojuana hata kwa salamu.

Mashine inasoma kofia. Haitazami uso.

Novemba, minada imepamba moto, ikaja ya arobaini na mbili.
Re: Re: Re: Salfa.
Salfa, sasa hivi? Mabomba ya kupulizia yako darini.
Nikaiacha.
Jumatatu nikaifungua, natafuta habari za turubai:
"Mama ametutoka alfajiri. Tunazika kesho saa saba, Mkoma."
Kesho ile ilikuwa Ijumaa.

Enyi mnaotunga programu hizi, huko mliko,
shikeni uzi kwa jibu, si kwa kofia:
hii inaijibu ile, basi zikae pamoja
hata jina likibadilika njiani.
Nipeni na mkasi,
nikate pale salfa ilipoishia na mama alipoanza,
na kipande kipya kikumbuke kilikotoka.
Na kabla mtu hajatuma, mwulizeni kwa upole:
bado ni salfa?

Nilifika Mkoma kwenye arobaini.
Livembe alinipa kiti, hakuniuliza kitu.

Leo nimemwandikia upya. Yah: Mama.
Husika na kichwa cha habari hapo juu,
nikaandika kwa mazoea,
nikashindwa mstari wa pili.