Kanyaga, Shika, Achia

Baba aliliacha bandani chini ya turubai,
matairi yamelala kama ng'ombe waliokataa safari:
Volvo la mwaka sabini na mbili, rangi ya haradali,
stesheni-wagoni, refu kuliko uvumilivu wa mama.
Wosia ulisema: la Ylva na Sixten, nusu kwa nusu.
Gari hukatwaje nusu? Sixten alitaka liuzwe,
mimi nilitaka likae. Basi likakaa,
na sisi tukakaa, kila mtu na kwake, miaka sita.

Hapa Arvika barabara hutiwa chumvi ili barafu iyeyuke.
Chumvi hiyohiyo inayookoa shingo ya dereva
hula gari kutoka chini, bila kelele,
kama deni la duka.

Novemba nikavua turubai. Nikasema: wikendi nne.
Nilipogonga sakafu kwa bisibisi, bisibisi ikazama,
nikaona saruji ya banda pale abiria anapoweka miguu.
Nilikuja kuziba ufa; nikakuta ukuta hakuna.

Göte wa karakana ya matrekta alinifundisha kuchomelea.
Yeye husifu kwa kunyamaza, hutukana kwa "Mm."
Mshono wangu wa kwanza ulipata "Mm" tatu.
Kabureta niliifungua mezani jikoni,
kila skrubu katika kikombe chake cha kahawa;
asubuhi moja nusura ninywe springi.
Taa ya kulia niliipata kwa mjane mmoja wa Filipstad.
Hakutaka pesa. Alitaka niketi, nile keki, vipande viwili.
Mlango mmoja wa nyuma uko bafuni hadi leo.

Februari nikafika nyuma kabisa,
kwenye kile kiti cha watoto kinachotazama ulikotoka.
Hapo ndipo tulipokulia, mimi na yeye,
tukisafiri kinyumenyume.
Wazazi waliona mji ukija; sisi tuliuona ukiondoka.
Tuliwapungia mikono madereva wa malori,
tukakijua kila kitu kikiwa kimeshapita.
Nikainua kifuniko cha kiti, msasa mkononi.
Kwenye chuma kitupu, msumari ulikuwa umeandika:
SIXTEN ANATAPIKA.
Mwandiko wangu. Na chini yake, herufi zimepinda kama kucha:
YLVA ALISHIKA NDOO.

Kila mahali nimepiga rangi. Hapo sikupiga.

Aprili, breki. Mabomba mapya, mafuta mapya,
na pedali inazama hadi chini
kama mguu kwenye theluji iliyooza.
Kuna hewa ndani. Na hewa ya breki haitolewi na mtu mmoja:
mmoja sharti akanyage, mwingine alale chini na spana,
afungue, afunge, kabla mguu haujainuka.
Göte alikuwa na miadi ya goti, au alisema hivyo.
Nikampigia Sixten. Nikasema, "Nahitaji mguu."
Kimya. Kisha: "Wa kushoto au wa kulia?"

Alikuja na viatu vya kazi. Hatukukumbatiana.
Alipitisha kidole juu ya mshono wa sakafu.
"Mm," akasema. Moja tu.
Nikaingia chini ya gari, yeye akapanda juu,
na haya ndiyo mazungumzo yetu ya kwanza baada ya miaka sita:

Kanyaga.
            Nimekanyaga.
Shika.
            Nimeshika.

Mapovu yakatoka kwenye mpira mwembamba,
mengi, kisha machache, kisha moja lililosita.

Achia.
            Nimeachia.
Tena.

Gurudumu la nne lilipokwisha, mikono yetu ilinuka namna moja.
Kuuza, kutouza, hakuna aliyesema.
Tulifungua mlango wa nyuma,
tukajibana kwenye kiti cha watoto, magoti mashavuni,
tukautazama uwanja: kisiki, baiskeli isiyo na mnyororo,
theluji chafu ya mwisho chini ya ukuta.
Gari halikwenda popote.
Hata hivyo, ndoo nilikuwa nayo karibu.