Kiraka Juu ya Kiraka

Miaka ishirini na tisa Gerezani
nimemeza moshi wa chuma, na wa sigara juu yake,
nikakohoa, nikasema ni vumbi.

Leo daktari wa Muhimbili, binti mdogo,
ameinua picha ya kifua changu dirishani:
"Baba Mwinchumu, njia za hewa zimevimba,
zikapona, zikavimba tena.
Kila zikiumia, seli hujigawa haraka
kuziba pengo. Haraka hiyo, baba,
siku moja hukosea kunakili."

Nilimwelewa kabla hajamaliza.
Geti la Bwana Kisauji, kule Keko,
nililichomelea bawaba ileile mara saba.
Kila kiraka nilikibandika kwa nia njema.
Mara ya nane chuma chenyewe
kilisahau kuwa geti.

Kumbe mwili nao una fundi,
hana Jumapili, hadai malipo,
anaziba, anaziba, gizani, bila miwani,
hadi akaunda kitu
ambacho hakuna mteja aliyekiagiza.

Nikauliza: "Nani wa kumwambia apumzike?"

Binti akairudisha picha kwenye bahasha, taratibu.
Mlangoni mwa wodi bawaba ikalia.
Mkono wangu ukatafuta kopo la grisi.