Karani wa Mizani Ananunua Betri

Miaka ishirini na tisa nilikaa kwenye kibanda cha mizani,
maghala ya ngano ya Kadina.
Lori linaingia limeshiba, napima.
Linatoka tumbo tupu, napima.
Natoa hili kwa lile, ndipo najua mkulima kaleta nini.
Basi usiniambie betri ni ya mia mbili
kwa sababu kibandiko kimesema mia mbili.

Kijana wa dukani alitabasamu kama muuza viatu:
"Mama, chukua hii ya risasi, bei poa."
Nikamwuliza, nikiinywa mpaka chini, kesho itaamka?
Akakohoa.
Nusu, akasema. Ukipita nusu unaichimbia kaburi.
Kumbe mia mbili yake ni mia,
gunia nusu ngano, nusu mchanga,
na mchanga huo niukokote mpaka Milima ya Gawler
kwa dizeli yangu.

Nyumbani nikafungua daftari.
Friji: amperi arobaini na tano kwa siku, na Januari huiongezea njaa.
Feni, nane. Taa, nne. Simu mbili, sita.
Pampu ya maji, moja, Lyall asiposahau bomba.
Kikausha nywele sikukiandika;
nywele zangu zitakaushwa na Australia.
Sitini na nne.
Lyall akachungulia begani kwangu:
"Unaona, Glenys? Mia inatosha, na chenji inabaki."

Hakuitaja mashine yake,
ile ya barakoa na mrija, inayompulizia pumzi usiku.
Porini hewa ni tele, alisema, ataivuta bure.

Lyall hajawahi kujisikia akilala.
Mimi nimemsikia.
Mkoromo unapanda, unapanda kama lori kwenye mwinuko,
halafu injini inazima.
Moja. Mbili. Tatu.
Nimewahi kufika ishirini na sita
nimemshika bega gizani,
mimi niliyezoea kungoja mshale wa mizani utulie,
nikiomba huu usitulie.

Nikaandika kwa wino: mashine ya Lyall, ishirini na nne,
bila kile kichemshio cha mvuke; koo likikauka atakunywa maji.
Themanini na nane.
Nikazidisha kwa mbili,
maana mawingu hayatangulizi barua.
Mia moja sabini na sita.
Kwa betri za risasi, hiyo ni zaidi ya kilo mia,
na karavani yetu ilibakiza themanini tu kabla ya kuvunja sheria.
Ya lithiamu, mia mbili, kilo ishirini na tatu:
nikaipakata kama mjukuu.
Bei sikumwambia Lyall
mpaka tulipoipita Port Augusta.

Kando ya ziwa la chumvi mbingu ilijifunika blanketi
siku ya kwanza, ya pili,
na ya tatu kwa ukaidi tu.
Paneli juu ya paa zilionja mwanga
kama mgonjwa anavyoonja uji.
Saa nne usiku kipimo kilisoma asilimia ishirini na moja.
Sikumwamsha mtu.
Nikazima friji. Nikazima feni, taa, simu zote mbili.
Siagi ikalegea, soseji zikaanza kuwaza mabaya,
bia zikawa vuguvugu kama maji ya kuoshea vyombo.
Gizani ikabaki sauti moja,
hewa inaingia, hewa inatoka,
limeshiba, tupu, limeshiba, tupu,
nami nimekaa kitandani kama kazini,
napima.

Alfajiri, asilimia tisa, na jua upande mmoja wa ziwa.
Lyall akaamka na alama za barakoa mashavuni,
akafungua friji, akagusa chupa,
akanitazama kama mtu aliyeibiwa:
"Si nilikwambia tununue kubwa zaidi?"