Jumamosi ya Kwanza, Kikoba cha Tusemezane, Kitangari

Karibuni. Vueni viatu, mkeka tumeuazima.
Tekla, kaa hapa, baada ya Esha.
Sijaona, pale karibu na nguzo.
Na wewe mwenye mtoto, nani vile? Shamimu.
Mtoto hahesabiwi, ila akilia sana
tunamtoza mama yake mia mbili.
Natania.
Nusu natania.

Kuanzia leo, humu ndani, hamna majina.
Kumi na tisa, ishirini, ishirini na moja.
Mimi ni nne.
Jina tunaliacha nje pamoja na ndala,
maana jina lina mume, lina ukoo,
lina deni dukani kwa fulani;
namba haina kitu ila hisa zake.

Hili ndilo sanduku. Lishikeni.
Fundi Likonde alilichomelea
kwa mlango wa Landrova iliyofia chama cha msingi.
Kufuli tatu, funguo tatu, vitongoji vitatu.
Somoe analala na sanduku, hana ufunguo.
Sisi tunalala na funguo, hatuna sanduku.
Hatujasema kuna mwizi.
Tumesema njaa ya Februari hujua kupiga hodi
kwa sauti ya mwanao.

Kuchelewa, mia tano.
Simu kuita, mia tano, hata akipiga mkwe.
Kusahau salio la jirani, mia mbili:
hapa hukumbuki zako peke yako.
Kutoa nje yaliyosemwa ndani,
hilo hatujalipangia bei.

Zamani tuliuza maua.
Mkorosho ukichanua tu, mtu wa kangomba huyo, na pikipiki yake,
anayatazama maua anaona magunia,
anatuachia hela ya sukari na saini kwenye daftari.
Oktoba tukiinama kuokota,
mgongo wetu, mabibo yetu, nzi wetu.
Korosho zake.

Sasa niwaambie la godoro
kabla hamjaambiwa bombani.

Mwaka ule ubwiriunga ulipita shambani kwangu
kama mtu anayemwaga jivu.
Nilikopa laki tatu. Nilirudisha elfu arobaini.
Jumamosi ya nne nikajificha chooni.
Nikasikia ndala uani, jozi kumi na saba,
na mtu akaita namba yangu, si jina.
Wakalibeba godoro langu, inchi sita, la maua mekundu,
Somoe mbele, mama yake Esha nyuma.
Hawakunitukana. Hawakunitazama pia.
Mnauliza kama nililia?
Niliwalaani mpaka wajukuu.

Jioni wakarudi walewale
na debe la unga, na ming'oko ya kuchemsha ingali moto,
kutoka lile bakuli dogo, la mfuko wa jamii,
kwa kuwa kijana wangu alikuwa na homa
na katiba yetu, ukurasa wa tatu, inasema
mgonjwa hangoji deni liishe.
Mikono ileile. Nilikula huku nawachukia.
Ming'oko haijui ugomvi, inashuka tu.

Miezi saba nililalia mkeka.
Siku niliyomaliza, godoro likarudi na nailoni yake.
Hakuna aliyelilalia,
isipokuwa kuku wa Somoe, aliyetaga juu yake,
nao wakaandika daftarini:
*yai, moja, mali ya namba nne.*

Ndipo wakanivika ufunguo huu wa pili.
Nikawauliza, mimi?
Somoe akasema, wewe unajua uzito wa godoro.
Mpaka leo sijui kama lilikuwa tusi.

Haya. Kumi na tisa, hisa ngapi leo?
Mbili. Paza sauti.
Usinitazame mimi, watazame wao,
hao ndio watakaokukumbuka.
Ishirini, fungua kitabu, muhuri huo usiulambe, wino haujakauka.
Ishirini na moja...
Mtoto amelala?
Basi mia mbili umeiokoa.
Itie sandukuni.