Kidole Hakitambuliki

Simu haikijui kidole changu.
Nakibandika mara tatu, inatikisika, inakataa.
Mafuta ya ganda yamekula michoro yote,
miaka kumi na moja ya majivu na rungu
nikibangua kwa kilo uani kwa Lipande.
Hata siku ya kitambulisho kijana wa mashine
alinisugua kwa limau, mwisho akachoka.
Basi nabonyeza namba: mwaka aliozaliwa Shazili.
Inafunguka.

Yeye ndiye aliyenifungulia chaneli
baada ya kumaliza kidato cha sita,
umeme umekatika Kitangari nzima,
akaandika kwa dole gumba bila kuniuliza:
MAMA SHAZILI KOROSHO.
Ningesema nini? Ndivyo nilivyoitwa dukani.
Nikakaa mbele ya kikaango,
nikasema, "Haya, korosho haitaki haraka,"
na watu elfu nne mia mbili na sita
wakajisajili kutazama mikono iliyoungua.

Sasa yuko Dodoma, chuoni.
Jana kapiga, kasalimia mara mbili
(salamu ikirudiwa, nyuma yake pana jambo).
"Mama, wenzangu bwenini wameiona.
Wananiita Korosho.
Badilisha jina, mama. Niondoe mimi tu,
mengine yabaki."

Niondoe mimi tu.
Kama vile ni ule utando wa kokwa,
unaumenya kwa ukucha, kiini kinabaki cheupe.

Nimekaa jikoni, simu juu ya goti.
Kijistari kinapepesa mahali pa jina.
Narudi nyuma herufi kwa herufi:
Korosho ikaondoka,
Shazili akaondoka,
ikabaki MAMA peke yake, inaning'inia.
Mama wa nani?
Nikaifuta nayo.

Nilizaliwa Sijaona. Jina hilo tuliliacha porini
siku tuliyotoka chiputu, tunang'aa mafuta ya nyonyo,
na aliyeniita hivyo baadaye alitozwa kuku.
Nikapewa Awetu.
Nilidumu nalo misimu miwili ya mabibo,
kisha nikawa mke wa Mnali, kisha mama wa mtu.
Kliniki, karani hakulipata vizuri masikioni,
akaandika Hawa, na Hawa ndiye anayelipa kodi,
Hawa ndiye yumo kwenye cheti cha mtoto.
Awetu likabaki mdomoni mwa dada yangu Fatu,
naye Fatu tulimzika Shazili akiwa bado anatambaa.

Chini ya kijisanduku pana onyo:
ukishabadilisha, hutabadilisha tena
hadi zipite siku kumi na nne.
Nikacheka peke yangu.
Sisi tulifungiwa mwezi mzima,
tukaimbiwa, tukafinywa, ngoma mbili zikapasuka,
ili jina likolee.
Hawa wanataka wiki mbili na kitufe.

Nikaandika: AWETU ANABANGUA.
Nikalitazama. Likanitazama.
Nikabonyeza.

Hakuna aliyepiga vigelegele.
Jirani yangu Zuhura alikuwa anagombana na mbuzi.
Na kule chini, kwenye anwani, kwa herufi ndogo
zilizobanana bila nafasi,
mamashazilikorosho limekaa palepale,
halikuguswa.
Nikaliacha. Hata chale haziondoki
kwa kuwa umehama kijiji.

Saa mbili usiku akapiga tena.
Safari hii salamu moja.
"Asante, mama. Nimeona.
Ila Awetu ndiye nani?
Umeajiri mtu?"

Kikaango kilikuwa kinataka kugeuzwa,
moshi unaniingia machoni.
Nikamwambia, ngoja.